Fito za Bi Hatsu

Agosti 27

Dada Chihiro, kiongozi wa safari zetu, ametuamuru tuandike. Kila tukirudi kutoka mlimani, kila mmoja aketi na kuandika alichobeba bila kukitumia, ili safari ijayo akiache nyumbani. Mimi nimeamua kuandika na mengine pia, maana nikiandika vifaa peke yake nitasinzia.

Niseme kwanza kwamba Dada Chihiro ana miaka arobaini na miwili, na mimi nina sitini na mitatu. Katika kundi letu la wanawake wa mlimani, ukubwa hauhesabiwi kwa umri bali kwa mwaka wa kujiunga. Mimi nimejiunga mwezi wa nne, baada ya kustaafu posta, kwa hiyo mimi ndiye mdogo wa wote. Naosha sufuria, nabeba takataka, na naitika "ndiyo, dada" kwa mtu niliyekuwa nikimuuzia stempu akiwa na sare ya shule. Nilidhani ningeudhika. Siudhiki sana.

Juu ya wote yuko Bi Hatsu, mwenye miaka sabini na miwili. Yeye ndiye aliyelianzisha kundi, enzi ambazo waume walikuwa wakicheka wakiona mwanamke kavaa shanta la mgongoni. Mumewe, Kenzo, ni marehemu. Ana mtoto mmoja, Yasuo, anayeishi mjini Sendai, na kila mwaka anamwomba mama yake ahamie kwake kwenye ghorofa.

Hema la kundi tunaligawana. Mimi nabeba kitambaa, Ritsuko, mwenzetu wa nne, anabeba vigingi na kamba, na Bi Hatsu anabeba fito za kulisimamishia pamoja na jiko. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe. "Mkubwa abebe kile ambacho mkikikosa hamlali wala hamli," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Hapo hata akijikokota vipi, mtamsubiri." Kisha akacheka hadi akakohoa.

Kuna sheria nyingine ambayo hakuna aliyeitamka lakini kila mtu anaijua. Kabla ya safari kubwa tunamwaga vitu vyetu vyote juu ya turubai la bluu, na Chihiro anakagua kimoja kimoja. Shanta la Bi Hatsu halifunguliwi. Ni kama kumwambia mama mkwe akuonyeshe ndani ya kabati lake.

Nilichobeba bila kutumia Jumapili iliyopita: mwavuli, kitabu, mafuta ya kupaka miguu. Chihiro alipouona mwavuli aliniangalia tu.

Agosti 31

Nimejaza chupa za maji ndani ya shanta na kupanda ngazi za hekalu. Nimeshuka kinyumenyume kwa sababu ya goti. Kuhani wa hekalu alijifanya hakuniona.

Septemba 6

Safari ya siku moja, kupasha misuli moto kwa ajili ya safari ya mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi tutavuka mgongo wa mlima wa Kuromori kutoka upande wetu hadi upande wa pili, tulale kwenye kibanda cha wapanda mlima usiku wa kwanza na kwenye hema usiku wa pili. Ndiyo safari ninayoiota tangu nilipojiunga.

Leo tulipofika juu, Bi Hatsu akatoa jiko, akalikunjua miguu, akaligeuza, akalitazama chini. Mtungi wa gesi haukuwepo.

"Haya, nawajaribu," akasema. "Mlimani mtu lazima ajue kula wali baridi."

Ritsuko, mkulima wa mapeasi mwenye mdomo usiopumzika, akasema, "Bi Hatsu, mimi nimekula wali baridi tangu niolewe. Mtihani huo nilishafaulu."

Tukacheka, tukala matonge yetu ya wali na achari, tukanywa maji. Supu ilirudi nyumbani ikiwa unga kwenye pakiti yake. Chihiro naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuanza.

Nilichobeba bila kutumia: bakuli la supu.

Septemba 9

Mvua.

Septemba 10

Mvua. Shoji, mume wangu, amepima shanta langu kwenye mizani ya bafuni, kisha akapanda yeye, kisha akanyamaza.

Septemba 14

Supu ya magimbi kando ya mto, kama kila mwaka hapa bondeni, na ugomvi wa kila mwaka. Mimi nimezaliwa pwani, na kwetu magimbi hupikwa na nguruwe na miso, soya iliyosagwa na kuchachushwa. Hawa wa bondeni hutia nyama ya ng'ombe na sosi ya soya, halafu wanajiona wao ndio wenye magimbi.

"Wewe mgeni, usisogee na miso yako hapa," Bi Hatsu alinifokea akiwa ameshika mwiko. "Hiyo yenu si supu ya magimbi. Hayo ni maji ya kuoshea nguruwe."

"Na hiyo yenu ni sukari iliyomwagwa mtoni," nikamjibu. Wakanizomea wote.

Akatia sosi ya soya. Tukakatakata vitunguu. Akatia sosi ya soya tena. Baada ya muda mfupi akachukua chupa mara ya tatu, na Ritsuko akamwekea mkono begani taratibu, akasema mume wake amekatazwa chumvi na atapelekewa supu hiyo nyumbani. Bi Hatsu akaitazama chupa, akairudisha. Supu ilikuwa chungu kwa chumvi. Tuliimaliza yote.

Wakati wa kuosha sufuria alikuja akaketi karibu yangu kwenye mawe. Aliniambia Yasuo amemtengea chumba. Kina dirisha linaloangalia maegesho ya magari.

"Nimemwambia, maadamu mlima unanipokea, siji. Siku kundi litakaponiacha nyuma, siku hiyohiyo nitapanda treni nimfuate. Tumekubaliana hivyo, mimi na yeye."

"Kundi litakuachaje?" nikasema.

"Ndiyo maana nabeba fito," akasema, akanichapa paja kwa kitambaa cha vyombo.

Septemba 18, Alhamisi

Nilipita karibu na hekalu natoka sokoni. Bi Hatsu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini na viatu vya mlimani, shanta mgongoni, fimbo mkononi. Mazoezi ni Jumamosi.

"Wenzako wamechelewa," akaniambia.

Sikujua nifanye nini. Nikaweka mfuko wangu wa vitunguu chini, nikasema na mimi nimekuja kujaribu goti, wengine watakuja Jumamosi. Akanikazia macho. Alijua, na alijua kwamba nimejua. Kisha akasimama, akasema, "Basi twende, hilo goti halitapona kwa kuangaliwa." Tukapanda mpaka juu, mimi na viatu vya sokoni. Alinitangulia njia nzima bila kuhema. Mwili wake ni mzima kuliko wangu, na hilo ndilo linalonitia uchungu.

Septemba 20

Nimemweleza Shoji.

"Muulize," akasema.

"Nimuulize nini? 'Bi Hatsu, je, kichwa chako kinavuja?'"

"Muulize kama ameweka gesi."

Shoji alifanya kazi na mashine maisha yake yote, na mashine haikasiriki ukiiuliza. Mimi ni mdogo wa kundi. Nikimuuliza Bi Hatsu kama ameweka gesi, hata kwa upole gani, nitakuwa nimefungua shanta lake mbele ya watu. Na Chihiro akisikia, itambidi aamue. Na akiamua, Bi Hatsu anaishia kutazama maegesho ya magari.

Nimepata njia yangu. Kila anachobeba yeye nitabeba na mimi, kimyakimya. Nimenunua jiko dogo na mitungi ya gesi. Nimeongeza tochi ya kichwani ya pili, kibiriti ndani ya mfuko wa plastiki, koti la mvua la Shoji, soksi za sufu. Akisahau, nitatoa. Asiposahau, nitarudi navyo, na hakuna atakayejua isipokuwa magoti yangu.

"Unahama?" Shoji ameuliza alipoona shanta.

Septemba 21

Kitu kimoja tu siwezi kukibeba mara mbili, nacho ni fito. Kundi lina hema moja na fito zake ni hizo hizo.

Septemba 27

Ukaguzi, mbele ya ukumbi wa mtaa. Turubai la bluu likatandikwa, mawe pembeni, na sisi tumepiga magoti kama wachuuzi.

Chihiro ana mkono mwepesi. Kwa Ritsuko alitoa kopo la achari, mapeasi, kisu cha jikoni na mto wa kulalia. "Dada, mto?" akauliza. "Shingo yangu ina miaka hamsini na mitano," Ritsuko akasema, "haijui kulala juu ya viatu." Mto ukaondolewa. Kwangu alitoa sweta la pili na kioo. Akashika mfuko wangu wa kulalia, akaubonyeza. Ndani nilikuwa nimeficha jiko na mitungi. Nadhani alikisikia chuma. Aliuweka chini akaendelea.

Alitukumbusha yale yasiyotolewa hata mtu akiona mazito: koti la mvua, nguo kavu ndani ya plastiki, tochi, filimbi, dira na ramani, moto, chakula cha siku moja zaidi, kengele ya kufukuzia dubu, kitu cha kukukinga na upepo. "Vingine vyote ni mapenzi," akasema. "Mapenzi yana uzito."

Shanta la Bi Hatsu lilisimama pembeni, limefungwa vizuri, fito zimechomoza kwenye mfuko wake mrefu wa kijani. Sote tuliliangalia na sote tukaangalia kwingine.

Nimeshangaa kidogo kuona shanta la Chihiro mwenyewe lilivyovimba. Labda viongozi hubeba zaidi.

Oktoba 1

Vilele vya Kuromori vimekuwa vyekundu kwa majani.

Oktoba 5

Ritsuko amemaliza kuvuna. Redio inasema upepo wa magharibi mwishoni mwa wiki, ila baada ya jua kuzama. Tukitembea vizuri tutakuwa tumeshafika kibandani mchana.

Oktoba 9

Kesho. Nimempigia Bi Hatsu simu nikiwa nimejikaza kabisa. Nilitaka kusema: fito zipo? Nikasema: hali ya hewa unaionaje?

"Itaharibika jioni. Tutakuwa tumefika. Wewe usisahau filimbi, mgeni."

"Ndiyo, Bi Hatsu."

"Na ulale."

Sijalala.

Oktoba 13

Tumerudi tangu juzi, wote wanne. Ninaandika nikiwa nimelaza miguu kwenye beseni.

Tulianza vizuri. Bi Hatsu mbele, kisha Ritsuko, kisha mimi, Chihiro nyuma. Kengele za dubu zikilia, majani mekundu kila mahali, hewa kavu. Lakini kabla ya mwinuko wa kwanza niliona hatuendi. Nilijua kwa nini mimi siendi. Sikuelewa kwa nini Ritsuko, anayebeba makreti ya mapeasi maisha yake yote, alikuwa akisimama kila kona na kuegemea fimbo. Hata Chihiro alikuwa akipumua kwa mdomo. Bi Hatsu peke yake alikuwa mwepesi. Kila mara alitusubiri juu, akigonga fimbo kwenye jiwe.

"Mna nini leo? Mmekula mawe?"

"Umri, Bi Hatsu," Ritsuko akasema.

"Umri gani? Mimi nilikuvisha shanta lako la kwanza."

Mchana ulitukuta chini ya mgongo, mahali ambapo tungekuwa tumeshapita zamani. Mawingu yakatokea magharibi, ya kijivu, chini kabisa. Tulipofika kwenye bonde dogo la juu, kati ya vilele viwili, upepo ulikuwa umeshafika, tena kabla ya jua kuzama. Ukaja na mvua, na mvua ikageuka theluji ya maji, ile inayolowesha na kugandisha kwa wakati mmoja. Kibanda kilikuwa upande wa pili wa mgongo, na mgongo wenyewe ni mwembamba, na upepo ulikuwa ukitusukuma kutoka ubavuni. Ritsuko alianguka mara moja. Hakuumia, lakini hakucheka.

Chihiro akapaza sauti, "Hatuvuki. Hema. Hapa."

Ilikuwa amri sahihi. Kuna misonobari mifupi pale, ile inayotambaa ardhini, na nyuma yake kuna shimo kidogo linalokinga upepo. Nikatoa kitambaa cha hema, nikakilalia kisipeperuke. Ritsuko akatoa vigingi. Bi Hatsu akapiga goti, akafungua mfuko wake wa kijani, akaingiza mkono.

Akatoa fimbo ya kuvulia samaki.

Ilikuwa imekunjwa vipande vipande, nyeusi, imefungwa kwa utepe. Aliishika mikononi, theluji ikaanza kukaa juu yake.

"Hii ni ya Kenzo," akasema.

Akaigeuza upande wa pili.

"Nani kaiweka humu?"

Alituangalia mmoja mmoja, akisubiri mtu akiri. Macho yake yalikuwa yanauliza kweli. Nimeogopa mambo kadhaa maishani, lakini sikumbuki kuogopa kama pale, na nilichokiogopa si giza wala upepo.

Ritsuko akasema, "Labda huku kuna samaki."

Chihiro alikuwa mweupe. Akapiga magoti, akafungua shanta lake. "Basi kwanza moto," akasema. "Bi Hatsu, jiko…" Hakumaliza. Alitoa jiko kutoka shantani mwake mwenyewe. Kisha mitungi ya gesi, kisha tochi ya ziada na koti la mvua la ziada.

Mimi nilikuwa nimeshatoa yangu.

Ritsuko akatutazama sote wawili, akafungua la kwake, akamwaga. Jiko. Mitungi. Kibiriti. Tochi. Blanketi. "Nyie pia?" akasema.

Vitu vilikuwa chini kwenye theluji kama duka. Kila mmoja wetu alikuwa amembebea Bi Hatsu shanta lake zima la pili, bila kumwambia mwenzake. Ndiyo maana tulikuwa tukitambaa mchana kutwa. Tungekuwa wepesi kama yeye, tungekuwa tumelala kibandani.

Bi Hatsu akatazama majiko yale. Akatoa la kwake, akaliweka kando ya mengine. Lilikuwa na mtungi wake. Safari hii alikuwa amekumbuka.

"Kumbe mlijua," akasema.

"Bi Hatsu…" nikaanza.

"Wote mlijua. Tangu lini?"

"Tangu supu ya magimbi," Ritsuko akasema. Alikuwa analia, na hakujificha. "Mimi tangu masika."

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Tungekuulizaje?" nikasema. Nilipaza sauti kwa ajili ya upepo, ila pia kwa sababu nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani. "Wewe ni mkubwa wetu. Tungekuuliza vipi?"

"Kwa mdomo, mdogo wangu," akasema Bi Hatsu. "Kwa mdomo."

Kisha akasimama, akapangusa theluji usoni. Alikuwa mtu mwingine, au tuseme alikuwa mtu yuleyule niliyemfuata kwenye ngazi za hekalu. "Mtaendelea kulia mgande? Tomie, acha kukilalia hicho kitambaa kama kuku. Kikunje nusu. Chihiro, fimbo zote za kutembelea, mbili mbili, zifunge ncha za juu. Ritsuko, kamba kwenye shina la msonobari, si kwenye tawi. Shina! Chini kabisa! Kabla ya fito kubuniwa watu walilala wapi?"

Hakukosea hata fundo moja. Mikono yake ilijua kila kitu. Hema likawa chini kiasi cha kutambaa, kama turubai la kufunikia majani ya ng'ombe, lakini upepo ulipita juu yake. Katikati lilikuwa likibonyea kwa theluji, na Bi Hatsu akachukua vipande vinene vya fimbo ya Kenzo, akaviunganisha, akasimamisha pale.

"Na yeye afanye kazi," akasema. "Hakuwahi kuja mlimani hata siku moja."

Tulilala wanne kama magimbi kwenye kapu, yeye katikati. Tuliacha mlango wazi kidogo kwa ajili ya hewa, tukawasha jiko moja baada ya jingine, zamu kwa zamu. Kulikuwa na wakati alianza kutetemeka, kisha akaacha kutetemeka, jambo ambalo ni baya zaidi, na akamwita Ritsuko kwa jina la dada yake mwenyewe. Tukamvua soksi, nikaiweka miguu yake tumboni kwangu. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Ritsuko alimnywesha supu kijiko kwa kijiko huku akimtukana kwa upole. Chihiro alishika jiko hadi alfajiri, na kila mtungi ulipoisha tulikuwa na mwingine. Kama kila mmoja angebeba cha kwake tu, gesi isingefika asubuhi. Hilo nalo ni kweli, na sijui nilihesabie upande gani.

Kabla ya kukucha fimbo ya Kenzo ilivunjika kwa sauti kavu. Bi Hatsu akasema kwenye giza, kwa sauti yake ya kawaida, "Amejitahidi." Hapo nikajua tutashuka naye.

Asubuhi anga lilikuwa safi kabisa, linaudhi. Tulirudi kwa njia tuliyoijia.

Nilichobeba bila kutumia: hakuna.

Oktoba 14

Malengelenge. Shoji amepika.

Oktoba 18

Mkutano, bila Bi Hatsu. Hakualikwa, na kila mtu alijua kwamba hakualikwa.

Chihiro aliongea akiwa ameinamia meza. Alisema yeye ndiye anayejibu kama mtu akifa. Alisema Bi Hatsu atakuja kwenye magimbi, kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, popote, ila si mlimani. Alisema Bi Hatsu ndiye aliyemlea mlimani tangu akiwa binti. Zamani nilimwona ni mtu wa kukagua mifuko ya watu tu. Leo nimeona anabeba mzigo ambao mimi nisingeuweza.

Mdogo wa kundi haongei kabla ya kuulizwa. Nikaongea.

Nilisema, "Dada, kilichotulaza kwenye theluji si fito peke yake. Ni majiko manne. Bi Hatsu alisahau kitu kimoja. Sisi watatu tulikuwa na akili timamu na tukanyamaza, mwingine tangu masika." Nikasema kama turubai la bluu ni la kila mtu, basi liwe la kila mtu, na mkubwa aanze.

Ritsuko akasema, "Mgeni ana mdomo wa pwani," akanimiminia chai. Kwa Ritsuko hiyo ni kura.

Chihiro alisema atafikiri.

Oktoba 26

Nilikuwa natundika figili za kukausha, Bi Hatsu akaja kwa miguu na shanta lake. Hakuingia ndani. Alitoa turubai dogo la bluu, akalitandika barazani kwangu, akapiga magoti, akamwaga vitu vyake vyote. Nilitaka kumzuia. Aliniambia ninyamaze.

Koti. Nguo kavu. Tochi. Filimbi. Dira. Moto. Alivipanga akitaja kila kimoja kwa sauti. Kulikuwa na soksi moja isiyo na mwenzake na kidhibiti cha televisheni.

"Hiki ndicho kilichopotea tangu juzi," akasema. "Haya, kagua."

Nikakagua. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Mwisho akatoa fito, zile za hema, zote mbili, kila moja kwenye mfuko wake mwembamba. Alizikuta nyuma ya mlango, mahali pa fimbo ya Kenzo. Akanisogezea.

"Chihiro alikuja jana. Tumelia, tumekunywa chai. Amekubali turubai, mkubwa kwanza. Lakini si kwa mgongo wa Kuromori tena. Vilima vifupi, na mtu pembeni yangu. Nimekubali, maana naye amekubali." Akaikunja ile soksi moja. "Majira ya baridi nakwenda kwa Yasuo. Baridi tu. Hizi chukua wewe. Sasa wewe ndiye hutaachwa."

Nilizishika. Ni nyepesi mno kwa mambo yaliyotokea.

Hema letu linasimama kwa fito mbili zinazopishana juu. Ukiwa na moja tu, una kitambaa. Nikaweka mfuko mmoja mapajani mwangu, mwingine nikaurudisha ndani ya shanta lake, nikafunga kamba.

"Hiyo unakwenda nayo Sendai," nikasema. "Mwezi wa tano tukipanda, uje nayo. Usipokuja hatulali."

Aliangalia upande wa figili kwa muda. "Una akili ya posta," akasema.

Novemba 3

Theluji ya kwanza hadi kwenye paa za mji. Yasuo amekuja na gari. Ni mtu mpole, ameniinamia zaidi ya nilivyostahili. Bi Hatsu aliketi mbele, fito yake moja mapajani, kwa sababu alikataa iwekwe nyuma na mizigo. Ritsuko alimjazia gari mapeasi. Chihiro alisimama barabarani hadi gari likapotea, kisha akaniuliza kama nina nafasi Jumamosi, tukatenganishe majiko yale tujue lipi la nani.

Novemba 12

Theluji. Nimekosa mtu wa kunigombeza kuhusu miso.

Novemba 20

Simu imelia wakati wa chakula.

"Tomie? Hatsu hapa. Yangu ipo. Iko chini ya kitanda, nimeigusa sasa hivi. Yako ipo?"

"Ipo, Bi Hatsu."

"Umeiona?"

"Iko kabatini. Niliiweka mwenyewe."

"Sijakuuliza uliiweka wapi. Nimekuuliza umeiona?"

Shoji aliacha kutafuna. Nikamwambia Bi Hatsu asubiri, nikaweka simu mezani, nikaenda kuangalia.